Fundi kafunga redio koli tatu kwenye waya wa tundu la chaja, gari nusura liungue na watoto ndani

Wadau, mkono bado unanitetemeka. Jumapili jioni tulikuwa Thika Road, tumekaribia Roysambu, mke wangu akauliza, "Baba Wanja, hiyo harufu ni ya nini?" Kabla sijajibu, moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Watoto wanalia nyuma, matatu zinanipigia honi, mimi natafuta pa kuegesha. Jamaa wa bodaboda ndiye aliyeniazima spana nikafungua waya wa betri. Mungu ambariki, kwa sababu aliyefunga zile redio hakuniachia njia nyingine yoyote ya kuzima.

Niwaeleze kilichokuwa kwenye gari. Mimi nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana kwa redio kama burudani, kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, zile namba za utambulisho zinazoanza na 5Z4, na kila mwaka tunaenda Marsabit na wenzangu kwa msafara. Ukishashuka upande wa Chalbi, simu inakuwa kipande cha plastiki tu. Ndiyo maana nina redio tatu: ya HF (mawimbi yanayofika mbali) ya wati 100, ambayo kwa 7 MHz mchana inaweza kufika Nairobi, ya VHF (mawimbi ya masafa ya karibu) ya wati 50 kwa 145 MHz, na nyingine ya VHF ya kuongea na magari ya msafara. Hakuna hata moja ya urembo.

Nikazipeleka gereji fulani ya Ngara. Fundi akaniangalia machoni akasema kazi hiyo ameifanya mara nyingi. Shilingi 18,000, siku mbili.

Jana nilibomoa dashibodi mwenyewe. Redio zote tatu zimeunganishwa kwa waya mmoja mwembamba, umekatwa nyuma ya tundu la kuchajia simu na kufungwa kwa tepu! Fyuzi ya tundu hilo ilikuwa ya ampea 15. Redio ya wati 100 peke yake, ukibonyeza kuongea, inakula kama ampea 20. Ya wati 50 inakula kama 10. Sasa mlidhani fyuzi ilifanya nini? Ilikatika siku ya kwanza, naye fundi badala ya kujiuliza kwa nini, akaitoa na kuweka ya ampea 40. Arobaini! Fyuzi inatakiwa ikatike kabla waya haujaungua. Ya kwangu ilikaa pale nzima kabisa, waya ukayeyuka.

Hii si redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Kila redio ya kurusha inataka waya wake mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi yake. Nimemwambia hivyo kwa simu akanijibu, "Mzee, redio zako ndizo mbovu." Hela zangu hataki kusikia.

Na antena? Hapo ndipo hasira inanipanda upya. Zile mbili za VHF kazisimamisha kwenye keria, sentimita 15 kutoka moja hadi nyingine. Ukirusha wati 50 kwenye moja, nyingine inakula mawimbi hayo yote mdomoni. Redio ya msafara ilianza kwa kuwa kiziwi kila nilipoongea kwenye ile ya pili, sasa imekuwa kiziwi moja kwa moja, hata gari likiwa mbele yangu mita 100 silisikii. Moja ingekaa katikati ya paa, ambako bati lote linaisaidia, nyingine ikawekwa mbali nayo kadiri gari linavyoruhusu, kwa mfano pembeni mwa boneti. Ya HF ilitakiwa nyuma, na ishikane na bodi chuma kwa chuma. Yeye kaifunga juu ya rangi! Kebo yake kaipitisha mlangoni, kila ukifunga mlango inabanwa. Nilipopima SWR, kipimo cha jinsi antena inavyoipokea nguvu ya redio (1 ndiyo bora), nikakuta zaidi ya 5. Kwa namba hiyo nguvu nyingi inarudi kwenye redio badala ya kwenda hewani, na ukiendelea kubonyeza unaweza kuchoma transista za mwisho, zile zinazorusha.

Tundu alilotoboa kwenye paa sitaki hata kulizungumzia. Mvua ya Aprili imeingia, kitambaa cha ndani kinanuka ukungu.

Lakini kuna hili, na hili ndilo siwezi kumsamehe. Redio moja kaipigilia skrubu juu ya kifuniko cha eabegi upande wa abiria. Anakokaa mke wangu. Siku eabegi ikilipuka, kile chuma kinamwendea usoni kabla hata hajapiga mayowe. Mtu mzima, fundi wa magari, ameona yale maandishi kwenye plastiki na bado akatoboa.

Jumamosi naenda pale na picha zote, nyaya zilizoyeyuka nimezitia kwenye mfuko. Nataka hela yangu na gharama ya redio iliyokufa.

Kama nawe gari lako lilifungwa redio Ngara miezi hii, tafadhali usingoje. Fungua boneti sasa hivi, ufuate waya mwekundu wa redio kuanzia kwenye betri. Usipoona fyuzi ndani ya shubiri moja, ufungue waya huo kwenye betri. Na usipouona waya wowote wa redio unaotoka kwenye betri, basi huenda redio yako imeungwa kwenye tundu la chaja kama zangu.