MREJESHO: Mparachichi ulionyauka huku udongo umelowa

Wakuu, niliuliza kuhusu mparachichi wa Hass wa miaka mitatu: majani madogo ya njano, yananing'inia ilhali chini kumelowa, na ncha za matawi zinakauka. Asanteni mliosema niache mbolea, nifukue kwanza.

Nimefukua sentimita 10 hivi, usawa wa kivuli cha matawi. Mizizi midogo ilikuwa myeusi, inakatika kama njiti ya kiberiti. Mizima huwa myeupe na hupindika. Basi ni uozo wa mizizi unaoletwa na Phytophthora cinnamomi, vimelea vya udongoni vinavyofanana na ukungu. Maji ya paa yalikuwa yanaishia hapo hapo shinani, na mimi nikiona majani yamelegea naongeza ndoo nyingine! Mizizi iliyooza hainywi, hata ukiimwagia ziwa.

Maji ya paa sasa yana mfereji wake. Matandazo ni vipande vya mbao, unene wa sentimita 10, vikikaa sentimita 20 kutoka shinani, maana vikigusa gome nalo linaoza. Fosfonati, dawa ya kupambana na vimelea hivyo, nimepuliza kwenye majani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Hushuka yenyewe hadi mizizini, kwa hiyo usingoje majani yaishe. Matawi makavu nimekata, shina nimepaka chokaa lisiungue na jua.

Huu ni mwezi wa nne tangu nianze: chini ya matandazo kuna mizizi myeupe, na machipukizi yametoka. Ila vimelea bado vimo udongoni, kwa hiyo jembe la hapo linaoshwa kabla ya kugusa miti mingine.