Rimu za Fuchs kwenye 911T ya 1971: tuamini mihuri, cheti cha kiwanda au picha za zamani?

Boksa71:
Wakuu salaam. Nina Porsche 911T, modeli ya 1971, na imenifikia ikiwa na rimu nne za Fuchs, zile za alumini, za 6x15 (upana inchi 6, kipenyo inchi 15). Kinachoninyima usingizi ni kwamba T ya mwaka ule kwa kawaida ilitoka kiwandani na rimu za chuma. Fuchs za inchi 15 zilikuwa za 911S, toleo lenye nguvu zaidi, na mnunuzi wa T aliyezitaka alizilipia zaidi. Je, zangu ziliagizwa na mnunuzi wa kwanza, au zilivuliwa kwenye S fulani miaka mingi baadaye? Naona njia tatu: kusoma mihuri nyuma ya rimu, kuomba cheti cha kiwanda, au kumtafuta mmiliki wa zamani mwenye picha. Ipi ina uzito?

MkonoWaGrisi:
Anza na rimu zenyewe, mkuu, maana unazo hapo hapo. Zivue kwenye gari, zilaze kifudifudi juu ya blanketi, uzioshe kwa maji ya sabuni na brashi laini. Tairi unaweza kuziacha. Nyuma utakuta jina la Fuchs, saizi, namba ya kipuri inayoanza na 911.361.020, na mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 3/71.

Nakusihi sana: usipige mchanga, usipolishi, usipake rangi kabla ya kusoma na kupiga picha kila alama. Rimu hizi zimefuliwa, hazikumiminwa kwenye kalibu, na zilitoka kwa Otto Fuchs kule Meinerzhagen zikiwa na utando wa anodaizi, yaani kinga iliyoundwa juu ya alumini kwa umeme. Utando huo ukishakwanguliwa haurudi kama ulivyokuwa. Mimi nilinunua seti iliyokuwa imekwanguliwa nyuma na mwenye karakana mmoja aliyetaka ing'ae. Nikapitisha kidole pale tarehe inapotakiwa kuwa, nikakuta laini kama sahani. Seti ile hadi leo siwezi kuithibitisha.

DadaWaNyaraka:
Kaka Boksa, nakubaliana na MkonoWaGrisi kuhusu usafi, lakini mihuri haijibu swali lako lote. Muhuri unakwambia rimu ilizaliwa lini, haukwambii ilifungwa kwenye gari gani. Rimu ya 911S iliyotengenezwa mwezi mmoja na za gari lako ingekuwa na tarehe ile ile.

Kwa hiyo mimi ningeweka cheti mbele. Cheti hutokana na kumbukumbu za kiwanda, na Porsche ya enzi hizo ilikuwa na kadi ya kumbukumbu kwa kila gari, wenyewe wanaiita Kardex: namba ya injini, namba ya gia, rangi, na vifaa vya ziada. Fuchs zikiwa zimeandikwa pale, umejua T yako ilitoka nazo. Ila angalia mambo mawili. Kadi haitaji tarehe za rimu, hivyo haithibitishi kwamba ni hizi hizi. Na kadi ikinyamaza, usiharakishe kusema hazikuwepo, kwa sababu si kila kadi ilijazwa kwa ukamilifu.

MkonoWaGrisi:
Sawa dada, hapo umenipata. Basi mihuri ndiyo ya kukataa na cheti ndicho cha kukubali. Rimu ya 1974 kwenye gari la 1971 imekataliwa papo hapo, hata karatasi iseme nini.

SpokuTano:
Niongeze kitu ambacho wengi hukosea. Modeli ya 1971 ilianza kutengenezwa nusu ya pili ya 1970, kwa hiyo ukikuta 10/70 usishtuke. Rimu hutangulia gari kwa wiki au miezi michache. Ukitaka kipimo cha kulinganisha, chomoa geji moja ya VDO (kampuni iliyotengeneza geji hizo) kwenye dashibodi uangalie mgongoni: nayo ina mwezi na mwaka. Geji na rimu zikikaribiana, una ushahidi wa aina mbili kutoka kwenye gari lenyewe.

Picha za zamani ni nzuri ila zina mipaka. Zinaonyesha gari lilikuwa na Fuchs siku ile, basi. Tena kulikuwa na Fuchs za 5.5x14 kwenye baadhi ya 911E na 911T, na kwenye picha ya mbali mtu anaweza kuzidhania za 15.

Vicenza_Mag:
Kwa wenye magari mengine wanaosoma hapa: ukikuta namba ya KBA (mamlaka ya magari ya Ujerumani) nyuma ya rimu ya Kijerumani, aghalabu ni rimu iliyopasishwa kuuzwa kando, haikutoka na gari. Na kwa Campagnolo za Lamborghini Miura, au rimu za Kobe Seiko za Fairlady Z432, jueni mko na magnesiamu. Tone la siki kwenye chuma kitupu, mahali pasipoonekana, litatoa mapovu, alumini hutulia. Lakini msizisage kwa mashine: vumbi lake hushika moto, na maji huuchochea.

Boksa71:
Nimerudi wakuu. Jioni yote nimekuwa chini na tochi. Uchafu wa breki ulikuwa umeganda kama lami, ikabidi niulainishe kwa kitambaa chenye maji moto. Rimu tatu zinasomeka 11/70, 11/70 na 12/70. Ya nne, iliyokuwa nyuma kulia, ni 5/74. Geji ya mafuta mgongoni ina 12/70.

Kwa hiyo moja ni mgeni, sina ubishi. Hizo tatu sitazigusa hata kwa polishi. Maombi ya cheti nayatuma kesho asubuhi, na mwenye 6x15 moja ya mwisho wa 1970 ambayo haijakwanguliwa, tafadhali anitumie ujumbe na picha ya mgongo wake.