Mjadala: Tiba shufaa kwa mtoto mahututi ianze lini?

Mleta mada: Wadau, msimamo wangu ni huu: tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ianze siku ile ile ugonjwa unapotajwa, sambamba na kemo, zile dawa za kuua saratani. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtoto huduma hii huanza ugonjwa unapogundulika, na haikomi awe anatibiwa ugonjwa wenyewe au la. Hospitali nyingi huita timu ya shufaa daktari akishanyoosha mikono. Hapo mzazi aione vipi kama si mlango wa mochwari?

Mzee wa Pwani: Mkuu, saratani nyingi za watoto zinatibika. Burkitt ile ya taya, mtoto akiwahishwa, kemo inauyeyusha uvimbe upesi mno. Sasa siku ya kwanza unamletea mzazi habari za kutuliza maumivu! Atajua mwanawe keshakatiwa tamaa, ambebe ampeleke kwa mganga.

Nesi wa Zamu: Mzee wangu, shikamoo. Nimefanya kazi wodi ya watoto. Wanaotoroka wengi hawakimbii neno shufaa. Mtoto ana vidonda vya kemo mdomoni, hali, halali, analia hadi alfajiri. Mama anafunga virago kwa kuwa anaona tiba yenyewe ndiyo inayomuua. Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, hupimwa kwa uzito wa mtoto, kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Akipata nafuu inapunguzwa kidogo kidogo. Na siyo ghali: Uganda, hospisi (kituo cha tiba shufaa) aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 iliisambaza kwa kuchanganya unga wa morfini na maji. Kule hata wauguzi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika.

Mpita Njia: Muuguzi mmoja, wodi nzima, usiku. Hizo saa nne atazifuata nani? Tuajiri kwanza.

Mleta mada: Tuajiri, sawa. Lakini mtoto wa leo usiku hasubiri kibali cha ajira. Kumuuliza "unaumwa wapi, kiasi gani?" na kumwandikia dawa ni kazi ya daktari yule yule wa kemo. Mzee, wasiwasi wako unaisha hapo: hakuna timu ngeni inayokuja kitandani na sura za msiba.

Mzee wa Pwani: Marahaba binti yangu. Kwa mpango huo nakubali nusu. Jina la hospisi likitajwa mbele ya bibi yake mtoto, kesho kitanda mtakikuta kitupu.

Nesi wa Zamu: Basi bibi aitwe siku ya kwanza, naye aelezwe. Nauli ndiye anayeishika.