WAZAZI NKUHUNGU, DODOMA: Likizo ya Watoto

*Jumatatu*

Mama Neema, 12:48 jioni
Habari za jioni wazazi. Shule zinafunga Ijumaa. Tangu juzi nauliza, waliojibu ni wawili tu. Mwezi mzima watoto wakae na simu na katuni, au tunawapangia?

Mama Neema, 12:53 jioni
Mpango uko hivi. Jumatatu hadi Alhamisi kila mtoto kwa watu wa dini yake, saa 2 hadi saa 4 asubuhi: wa madrasa kwa Ustadhi, wa kanisani kwa Mwalimu Joyce. Jumamosi wote pamoja kwa Mzee Chidawali, chini ya mwarobaini, saa 3 hadi saa 5. Hapo ni vitendo tu: kusema kweli, amana, kuheshimu wakubwa, usafi. Umri ni miaka 6 hadi 12. Waje na sweta, upepo wa Juni mnaujua. Andikeni majina.

Baba Salma, 1:20 usiku
Hiyo Jumamosi sijaielewa. Nani atamfundisha nani dini ya nani?

Mama Neema, 1:21 usiku
Hakuna atakayefundishwa dini ya mwenzake. Ustadhi, fafanua tafadhali.

Mama Neema, 1:49 usiku
Ustadhi???

Ustadhi, 2:36 usiku
Assalaam aleikum, habari zenu wote. Nilikuwa kwenye Isha. Baba Salma, soma Surat Luqman kuanzia aya ya 13 hadi ya 19. Kwanza ni tauhidi, yaani kumpwekesha Mungu. Halafu kuna wema kwa wazazi, swala, kuamrisha mema, subira, kutotembea kwa maringo na kushusha sauti. Tauhidi na swala zinabaki madrasani. Wazazi, subira, maringo na sauti, Mwalimu Joyce naye anavifundisha. Hivyo ndivyo vya Jumamosi.

Baba Salma, 2:41 usiku
Hapo nimekupata. Na kuhifadhi je? Mwaka jana walirudi na sura nyingi, baada ya wiki tatu hazipo.

Ustadhi, 2:50 usiku
Kwa sababu kila siku waliongezewa mpya bila kurudia ya jana. Safari hii robo saa ya kwanza ni ya kurudia, ndipo aya 3 mpya, hata kama mtoto ni mwepesi. Aliyeko kwenye herufi hakai pamoja na aliyeko Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Kurani, maana mmoja anachoka na mwingine anaona aibu. Mwalimu mmoja watoto 12, wakizidi natafuta msaidizi. Na kila sura fupi waelezwe maana yake kwa Kiswahili. Mtoto anaisoma Surat Maun vizuri kabisa, hajui kwamba inamsema anayemsukuma yatima.

Mwalimu Joyce, 3:02 usiku
Bwana asifiwe, salaam kwenu wote. Kwangu wiki moja ni kisa kimoja, mstari mmoja na tendo moja. Ukibandika visa vitatu kwa saa moja, mtoto anatoka na wanyama wa Nuhu tu kichwani. Tendo linaandikwa kwenye daftari, mzazi anasaini, Jumamosi tunalikagua. Tendo la wiki ya kwanza ni kurudisha kitu kisicho chako. Mtoto aende mwenyewe, amtazame mwenye kitu, aseme: "Nilichukua bila ruhusa, naomba unisamehe." Mzazi asimame nyuma, asimsemee. Na mwenye kitu nakuomba usimfokee mbele ya watu. Akifokewa leo, kesho hatarudisha, atazika.

Baba Joshua, 3:05 usiku
Kuna uji? 😂

Mama Zawadi, 3:06 usiku
Uwele upo.

Baba Joshua, 3:06 usiku
Kama ni uji wa Mama Zawadi, hata Baba Salma atahudhuria na daftari lake.

Baba Salma, 3:08 usiku
😂😂 Na ubuyu juu.

Mama Zawadi, 3:10 usiku
Watoto 20 ni lita 6 hivi: unga robo tatu kilo, sukari nusu kilo. Ubuyu mleteni wenyewe.

Mama Neema, 3:11 usiku
Jamani MAJINA. Uji baadaye.

*Jumanne*

Mama Rehema, 5:17 asubuhi
Samahani, ndiyo naona sasa. Kabla ya majina, habari ya fimbo imeisha? Mimi ya mwaka juzi sijasahau. Na hesabu ya mikeka hadi leo hatujaiona.

Mama Neema, 5:19 asubuhi
Mama Rehema, hayo tulishayamaliza.

Mama Rehema, 5:19 asubuhi
Mliyamaliza ninyi.

*Ujumbe huu umefutwa*

Baba Salma, 5:40 asubuhi
Lakini fimbo imo kwenye mafundisho. Miaka 10 asiyeswali anaadhibiwa. Tusilee mayai.

Ustadhi, 7:15 mchana
Baba Salma, hadithi hiyo ya Mtume inaanzia miaka 7, mtoto aamrishwe swala. Kati ya 7 na 10 kuna miaka mitatu. Swala tano kila siku ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto kwa upole na kusimama naye. Nani kati yetu amefikisha hizo elfu tano? Watu wanairuka miaka yote mitatu, wanakimbilia fimbo. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10 tangu angali mdogo, na anasimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata "ah!"

Mwalimu Joyce, 7:22 mchana
Na Waefeso 6:4 inawaambia akina baba msiwachokoze watoto wenu. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza ukatili dhidi ya mtoto, awe nyumbani, shuleni au madrasani.

Ustadhi, 7:30 mchana
Niongeze la kuwatisha kwa Mungu. Kikombe kimevunjika: "Mungu atakuchoma!" Kesho mtoto anadanganya, anaona hajaungua. Hapo ataamini mojawapo: Mungu haoni, au mama ni mwongo. Yote mawili yanabomoa. Kikombe kikivunjika aokote vipande kwa ufagio, aseme ukweli, mambo yaishe.

Mama Neema, 7:41 mchana
Basi masharti naandika hapa, asije mtu akasema hakuona:
Hakuna fimbo. Walimu wawili kila kundi, mlango wazi, hakuna mtoto kubaki peke yake na mtu mzima. Mahudhurio yanaandikwa. Kila mzazi ataje anayemchukua mtoto, asiyetajwa hapewi. Lolote baya, piga 116, simu ya mtoto, ni bure.

Mama Rehema, 7:44 mchana
Na mikeka?

Baba Joshua, 8:02 mchana
Mikeka imeswaliwa na kusaliwa, imechoka 😄

Mama Rehema, 8:03 mchana
Baba Joshua, mimi sicheki.

Mzee Chidawali, 11:30 jioni
Nimesoma yote.

Mama Neema, 11:30 jioni
Shikamoo Mzee.

Baba Salma, 11:31 jioni
Shikamoo Mzee wetu.

Mzee Chidawali, 11:38 jioni
Marahaba. Mwarobaini upo, watoto waje. Fimbo haitaingia uani kwangu. Mama Rehema aoneshwe hesabu ya mikeka kabla ya Jumamosi, ana haki. Na sitapokea mtoto ambaye mzazi wake hakuja naye Jumamosi ya kwanza akakaa mpaka mwisho. Mnawatuma watoto kwa Mungu kama mnavyowatuma dukani, ninyi mmebaki mmekaa. Mtoto anajifunza kukaa.

Mwalimu Joyce, 12:20 jioni
Amina Mzee.

Mama Zawadi, 12:24 jioni
Tumesikia Mzee.

Mwalimu Joyce, 1:05 usiku
Kwa nyumbani basi, tuanze leo. Sala au dua dakika 10, saa ile ile, kabla ya chakula cha usiku. Baada ya kula wadogo wanasinzia. Runinga izimwe, simu ziwekwe mbali, zikiwemo za wazazi. Watoto waongoze kwa zamu. Kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru na mtu mmoja aliyemkosea, mzazi naye ataje lake. Kinachoharibu ni baba kugeuza sala kuwa kesi ya matokeo ya mtihani kwa dakika 40. Mtoto ataichukia sala na hesabu kwa pamoja. Na ile 500 unayompa mlangoni mwa kanisa ni sadaka yako, yeye kaibeba tu. Mpe pesa yake ya wiki Jumatatu, hata 1,000, yeye mwenyewe aamue ngapi atoe. Akitoa 50 usimcheke.

Mama Neema, 1:12 usiku
Asante Mwalimu. Majina hadi sasa: Neema, Zawadi, Joshua na mdogo wake, Rehema (mama yake hajathibitisha), Imani. Kundi lina watu 34 jamani.

Baba Salma, 2:55 usiku
Salma na Abdul waandike. Ila Jumamosi hiyo nina safari ya Singida. Naweza kuja ya pili?

Mama Neema, 2:56 usiku
Mzee kasema ya kwanza.

Mama Salma, 3:20 usiku
Nitakuja mimi. Mzee atakubali?

Mama Neema, 3:22 usiku
Simu yake imezimwa, nitampitia asubuhi. Daftari la mikeka liko kwa nani?

Baba Imani, 4:47 usiku
Poleni na kazi. Mimi wangu wanakwenda kuvuna mtama Bahi wiki ya kwanza, wakirudi wataunganishwa?