Jiko la umeme limeshakutenda nini? Tupeane uzoefu

Mkono Mmoja: Wakuu, nimeegemeza kiganja kwenye jiko la kioo nililolizima dakika mbili tu zilizopita. Jeusi, limetulia kama meza. Naandika kwa mkono wa kushoto. Nani mwingine yamemkuta?

Bi Sufuria: Pole. Ile H inayobaki inawaka pembeni kuonya kwamba kioo bado ni cha moto, ulidhani ni pambo?

Mkono Mmoja: Kitambaa kiliifunika.

Bi Sufuria: Kitambaa juu ya jiko la moto! Huo ni uzi mwingine kabisa.

Baba Wawili: Mimi ni sukari. Nilikuwa naiyeyusha igeuke kahawia, simu ikaita, nikageuka. Nikasikia chwaaa! Imefurika hadi ukingoni, inatoka povu na moshi mchungu. Nikajiona mjanja: nikazima, nikaiacha ipoe nisiungue. Asubuhi imeganda, imekuwa kitu kimoja na kioo. Nikachokonoa kwa ncha ya kisu, ikabanduka na kipande cha kioo. Pamebaki kishimo cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Fundi akanicheka: sukari hukwanguliwa ingali ya moto, kwa wembe wenye mpini, umelazwa, unaivutia kwenye ubaridi. Mke wangu kila akiweka sufuria pale anakohoa kidogo. Hasemi kitu. Afadhali angesema.

Mla Jamu: Kwangu ilikuwa jamu. Kishimo kilekile.

Fundi Nyaya: Kishimo si hoja, ufa ndio hoja. Kioo kikipasuka zima swichi kuu, usichemshe hata maji. Yakimwagika yanapenya hadi kwenye umeme.

Jeuri: Nimepikia kwenye ufa miaka 2, mzima wa afya.

Fundi Nyaya: Siku ukinaswa hatutakusoma hapa.

Bi Sufuria: Jamani turudini kwa Baba Wawili, huyo mke alishazungumza?

Chuma Kizee: Ndiyo maana sitoki kwenye sahani za chuma. Usizimwagie maji baridi zikiwa za moto, na ukishafuta washa kidogo zikauke, kutu haigusi.

Sumaku: Mie nililirudisha dukani la indaksheni nikigomba kwamba ni bovu. Muuzaji akabandika sumaku chini ya sufuria yangu ya alumini, ikadondoka. "Jiko zima, mama. Hili hupasha sufuria inayoshika sumaku tu." Nilitamani ardhi inimeze.

Jeuri: Madoa ya alumini kwenye kioo sugua na waya wa sufuria.

Bi Sufuria: Msimsikilize! Waya unachubua. Siki na kitambaa laini, jiko likishapoa.

Fundi Nyaya: Na wenye jiko la wati 2000 kwenye ekstensheni nyembamba: kwa volti 230 hizo ni karibu ampea 9. Gusa plagi yako sasa hivi, kama ni ya moto chomoa.

Sumaku: Nimegusa. Nimechomoa.

Mkono Mmoja: Na mkono wangu je?

Mla Jamu: Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Usipake dawa ya meno.

Mkono Mmoja: Nimeshapaka.