Kwa nini lignokeini inagoma kwenye jipu?

Swali: Wakuu, lignokeini 2% (dawa ya ganzi) ikichomwa kwenye jipu, mgonjwa bado anaruka ukigusa na kisu. Milango ya sodiamu ya neva, ambayo dawa hii huiziba ili maumivu yasipite, si ile ile?

Jibu 1: Tatizo ni asidi iliyo kwenye jipu. Dawa hupenya utando wa neva ikiwa haina chaji, kisha hupata chaji ndani na kuziba mlango kwa upande huo wa ndani. pKa yake (pH ambayo nusu ya dawa ina chaji na nusu haina) ni kama 7.9: kwenye pH 7.4 ya kawaida ya mwili takriban robo haina chaji, kwenye 6.4, yenye asidi zaidi, ni asilimia 3 tu. Iliyobaki inakwama nje.

Jibu 2: Na uvimbe wenyewe unachangia. Prostaglandini E2 (kemikali ya uvimbe) huufanya mlango wa Nav1.8, aina mojawapo ya milango ya sodiamu ya neva za maumivu, ufunguke kwa msisimko mdogo. Damu nyingi nayo huiondoa dawa upesi.

Jibu 3: Basi usichome ndani ya usaha. Zungushia pembeni, kwenye ngozi isiyovimba; kama ni kidole, piga ganzi neva zake kwenye shina, subiri dakika 5 hadi 10. Kuongeza dozi kiholela ni kutafuta degedege: bila adrenalini usizidi mg 4.5 kwa kilo, na kila ml ya 2% ina mg 20.

Muuliza: Na kuchanganya bikaboneti, ya kupunguza asidi, je?

Jibu 3: ml 1 ya 8.4% kwa ml 10 za lignokeini 1%, ichanganywe papo hapo. Inapunguza ukali wa sindano, lakini haishindi asidi ya usaha.