Gereza la Kilwa limeangukia baharini kwenye ramani yangu

KijanaWaMasoko
Wakuu, habari za jioni. Naandaa ramani ndogo ya magofu ya Kilwa Kisiwani, pwani ya kusini ya Tanzania, kwa wageni ninaowatembeza. Koodineti nimezisoma kwa rula kwenye ramani ya zamani ya 1:50,000 niliyoazima, nikaziingiza QGIS, programu ya kuchora ramani. Ajabu, Gereza, ile ngome ya kale, liko majini na Husuni Kubwa, jumba la sultani, inaogelea! Nimerudia mara tatu. Kuna pa kupata data ya uhakika bila kulipia? Ofisi moja iliniambia niandike barua, nasubiri jibu mwezi wa nne sasa.

MpimaMstaafu
Kijana, nijibu kwanza: zote zimesogea upande mmoja?

KijanaWaMasoko
Shikamoo mzee. Ndiyo, zote kaskazini, na magharibi kidogo. Kama mita 300 hivi.

MpimaMstaafu
Marahaba. Basi macho yako hayana kosa. Tazama maandishi madogo pembeni mwa karatasi, utakuta Arc 1960, Clarke 1880. Huo ndio msingi wa ramani zetu za zamani, yaani umbo la dunia na mahali walipoanzia kupima. Simu yako inatumia msingi mwingine, WGS 84. Ukizisoma namba za msingi mmoja kama ni za mwingine, kwa hapo Kilwa zinakupeleka kama mita 300 kaskazini na 90 na kitu magharibi. Usizisogeze kwa mkono! Iambie kwanza QGIS kwamba namba hizo ni za msimbo 21037, ndiyo Arc 1960, ndipo uiagize izigeuze kuwa 32737, ndiyo WGS 84. Ukianza na hilo la pili umeharibu.

Yalinikuta na mimi. Tulichimba nusu siku tukitafuta jiwe la mpaka, kumbe jedwali tulilopewa ni la msingi wa zamani na tuko shamba la mtu mwingine. Mwenyewe akatuletea madafu, akidhani tunamchimbia kisima.

BintiRamani
Mzee kamaliza. Naongeza tu kwamba OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ni bure. Fungua Overpass Turbo, tovuti ya kutafuta data zake, sogea hadi Kilwa, tafuta historic=archaeological_site, kisha urudie na historic=ruins maana wachoraji hawakubaliani. Pakua faili la GeoJSON, QGIS inalisoma, na uandike chanzo. Ukitaka majengo yenyewe, angalia Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town, waliyapima kwa leza, hadi ya Songo Mnara.

Ila magofu ya porini yasiyo na mlinzi usiyaweke kwa nukta kamili, tafadhali. Wasaka rupia za Wajerumani nao wana simu.

KijanaWaMasoko
Gereza limerudi nchi kavu! Husuni Kubwa imekaa juu ya mwamba wake. Asante sana mzee, asante dada. Tatizo Husuni Ndogo, gofu la jirani yake, bado imepanda mgongo wa Kubwa.

MpimaMstaafu
Hiyo sasa ni rula. Milimita moja kwenye karatasi yako ni mita 50 ardhini. Vuka kesho na simu, simama mlangoni, usubiri itulie ndipo usome.

KijanaWaMasoko
Sawa mzee. Navuka na dau la saa moja asubuhi.